Mwaka Niliokuwa Mdomo wa Mado

Picha waliyoiweka juu ya jeneza la Mwalimu ilikuwa mbaya. Nasema hivyo kwa heshima zote kwa wafiwa, na nasema kwa sababu yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kusema. Walikuwa wameikata kutoka kwenye picha ya harusi ya mtu, wakaikuza mpaka uso ukawa chenga chenga, na begani kwake vilibaki vidole vinne vya mwanamke tusiyemjua, kucha zimepakwa rangi nyekundu. Mzee aliyetufundisha mwaka mzima mahali pa kukata picha, akazikwa na vidole vya mtu begani. Nilisimama pale makaburini, udongo umenishika viatu, nikijaribu kulia kama wenzangu, na badala yake nikajikuta napanga maneno kichwani: ninachoona, kinachonisumbua, ningefanya nini. Ndivyo alivyotuzoeza. Nilipoinua macho nikamwona Mado upande wa pili wa kaburi. Naye alikuwa anaiangalia picha ileile, midomo ikimcheza kama mtu anayezuia neno, na kwa sekunde moja tulitaka kucheka pamoja, mimi na yeye, watu wazima wenye mvi. Kwenye mkoba wangu nilikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha kipande cha picha chenye upana wa vidole viwili. Nilikuwa nimekaa nacho tangu nikiwa na miaka ishirini na miwili. Siku ile nilikuja nacho makusudi, nikijua Mado atakuwepo. Lakini nikianza na bahasha nitakuwa najipendelea, kwa hiyo nitaanza na chumba.

Chumba kilikuwa Remera, hapa Kigali, juu ya duka la washonaji. Ukikaa mezani ulisikia cherehani zikitetemesha sakafu chini ya miguu, na zikinyamaza zote kwa pamoja ulijua umeme umekatika. Kulikuwa na meza ndefu, kipande cha kioo kinene cha kukatia, rula ya chuma, pakiti ya nyembe, na kamba iliyofungwa ukuta kwa ukuta yenye vibanio vya nguo. Upande wa nyuma, nyuma ya ubao mwembamba, ndipo Mwalimu alipokuwa na studio yake ya picha za pasipoti. Alikulia Tanzania, akarudi nyumbani akiwa mtu mzima na Kinyarwanda cha kuombea maji, kwa hiyo masomo yake yalikuwa kwa Kiswahili na asiyekijua alijua pa kwenda. Mimi, mtoto wa Biryogo, mtaa wa Waswahili, nilikuwa nacho tangu utotoni na nilikitumia kuwaonea wenzangu. Gasana, kijana mnene mwenye kicheko kikubwa, alikuwa na kile cha Kampala. Mado alikuwa amekiokota kwenye magereji ya Gatsata, alikokuwa akiuza chai kwa mafundi, na alikisema polepole, kama mtu anayevuka barabara. Tulianza wengi. Kufikia mwezi wa tatu tulikuwa tumebaki watatu hao tu, na sehemu ya waliokimbia walikimbia ulimi wangu.

Kamera ilikuwa moja, na kadi moja. Kila mtu alikaa nayo wiki nzima, akapiga alichotaka, na Jumamosi mchana akashuka kwa msafishaji picha wa jirani na kuchagua picha moja. Moja tu. Ikishasafishwa, Mwalimu aliifuta kadi yote mbele yetu, akamkabidhi kamera anayefuata. Ukilalamika alikuambia kwamba anayejua atabaki na picha moja hujifunza kuchagua haraka. Basi kile kilichokuwa mezani kilikuwa ndicho pekee duniani, na hilo lilitupa kiburi fulani, hata kama picha yenyewe ilikuwa ya ndoo. Picha ikining'inizwa, mwenye picha hakuruhusiwa kusema neno. Kazi yake ilikuwa kutumiminia chai. Alizunguka na chupa ya chai ya maziwa yenye tangawizi na sahani ya sambusa, akiwahudumia watu waliokuwa wakimchambua, na akifungua mdomo picha yake ilitolewa kwenye kamba na wiki yake ikawa imekwenda bure. Mwalimu alisema picha haitembei na mwenyewe kumsimulia kila mtazamaji. Lakini kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, alituwekea kitu alichokiita mdomo. Kila mwenye picha alichagua mwenzake mmoja, akamweleza mapema kile ambacho wengine walipaswa kujua, na kabla wembe haujashikwa Mwalimu alimgeukia huyo na kumuuliza kama kuna la kusema. Mdomo akisema kwamba fulani aliye kwenye picha ni mtu wa nyumbani kwa mwenye picha, basi mtu huyo hakatwi, hata kama ameharibu kila kitu. Katika sheria zake zote hiyo ndiyo pekee ambayo sikuwahi kumsikia akiifanyia mzaha. Mdomo akisema hakuna, tulikata, na kilichokatwa kiliingia kwenye kopo la biskuti juu ya rafu na hakikurudishwa kwa mtu.

Maoni ya kujenga, ndivyo alivyoyaita. Mimi nilijenga kwa nyundo. Gasana alipoleta picha ya binamu zake na ng'ombe wao nilimwambia kwamba katika kundi lile lote ni ng'ombe tu anayejua aangalie wapi, na Gasana akacheka, lakini sambusa zilipofika kwangu zilikuwa zimebaki zile za kuungua. Kulikuwa na dada mmoja aliyeleta picha ya keki yake ya siku ya kuzaliwa, nikamuuliza kama keki yenyewe ilijua inapigwa picha au ilivamiwa, na Jumamosi iliyofuata hakurudi. Nilikuwa sahihi kuhusu keki, na leo bado niko sahihi. Ndiyo shida ya kuwa na jicho. Unafikiri kwa kuwa unaona sawasawa basi kila unachosema ni haki. Mado alikuwa tofauti. Aliikaribia picha ya mtu, akakaa kimya mpaka tukachoka, halafu akasema kitu kimoja kidogo. "Hii mwanga iko inamupenda huyu mama. Ungemungojea kidogo." Basi. Na kesho yake yule aliyeambiwa hivyo alikwenda kungojea. Nilimwiga mara moja nikashindwa, nikarudi kwenye nyundo yangu.

Tulijua kwamba mwisho wa mwaka Mwalimu angemchukua mmoja wetu afanye naye kazi studio, kwa sababu macho yalikuwa yameanza kumsaliti na hakuwa na wa kumrithi. Niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka mume. Siku moja nilifika mapema, nikamsikia nyuma ya ubao akizungumza na fundi cherehani mmoja aliyepanda kunywa chai, na yule mama akamuuliza nani atamchukua. Mwalimu akasema, "Yule mwenye ulimi hatakosa kazi popote. Lakini jicho analo yule wa Gatsata." Cherehani zikaendelea kulia chini. Nilishuka ngazi kimya kimya, nikazunguka jengo zima mara mbili, nikapanda tena kwa vishindo nikitangaza salamu. Sikumchukia Mado siku ile. Nilimchukia kuanzia kesho yake, baada ya kulala na kuamka nikiwa nimelifikiria vizuri.

Zamu ya mwisho ya mwaka iliangukia kwake, na alinichagua mimi kuwa mdomo, kama kawaida yake. Ijumaa ile jioni aliniita nyumbani kwake Gatsata, chumba kimoja chenye kitanda, meza na pazia la maua, barabara ya Nyabugogo ikinguruma chini yetu. Alikuwa amepika sombe, kisamvu cha kwetu, na ndizi, akaniwekea mimi kipande kikubwa cha samaki na yeye akabaki na mkia. Tulikula kwenye sahani moja. Nakumbuka chumvi ilizidi kidogo na nikamwambia. Aliponawa mikono akafuta vizuri hata katikati ya vidole, akachukua kamera, akanionyesha picha kwenye kile kioo kidogo nyuma. Shuka nyeupe zimeanikwa kwenye mteremko, upepo umezijaza, na nyuma yake mlima wote na mabati yake yakimeta. Nilipoiona nilijua kazi imekwenda. Kando kabisa, upande wa kushoto, alikaa mzee kwenye kigoda, nusu ya mwili nje ya picha, uso umegeukia kwetu, weupe wa meno kwa mbali.

"Huyo papa," Mado alisema. Babake alikuwa akiishi Ndera kwa dada yake, na Jumapili alikuja kumtembelea. "Zayi, tangu mimi nizaliwe hakuna mutu alishamupiga picha. Zile za zamani za nyumbani zote zilipotea." Katika mji huu hatuulizi zilipoteaje, na sikuuliza. "Kila mara anakataa. Jumapili akaniambia, unipige, ila usiniweke katikati. Ndio maana iko pale kando. Utawaambia, eh? Mimi nitakuwa na chai."

"Nitawaambia," nilisema.

"Sema vile aliniambia. Usiniweke katikati. Mwalimu atapenda."

Jumamosi ilikuwa ya umuganda, ile asubuhi ya mwezi ambayo mtaa mzima hufanya usafi. Wote tulifika na matope kwenye viatu, mikono ikinuka majembe, na Gasana alikuwa ameshakula sambusa mbili kabla picha haijakauka. Mwalimu akafuta kadi. Mado akaining'iniza picha yake, akachukua chupa ya chai, na hata Gasana akaacha kutafuna. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ni Gasana aliyeanza, na sitaki kumlaumu, alisema tu alichoona. "Mimi huyu muzee hapa kando ananisumbua. Naangalia shuka, yeye ananiita." Akaweka vipande vyake viwili vya kadibodi juu ya picha, akamfunika mzee. Na ikawa kweli. Bila mzee ilikuwa picha bora zaidi, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo, kwamba sikuhitaji kusema uongo kuhusu picha. Nilisimama nikaongea vizuri kuliko siku zote. Nilisema jicho linaingia kushoto na kumkuta mlinzi mlangoni. Nilisema shuka zimejaa upepo na yule mtu amejaa kigoda. Mado alikuwa amefika kwangu, anamimina, na aliposikia neno kigoda akaniangalia akitabasamu, kwa sababu alijua nachokoza kwanza, ndivyo nilivyo, halafu nitasema.

Mwalimu akageuka. "Mdomo. Kuna la kusema kabla hatujashika wembe?"

"Hakuna, Mwalimu," nilisema. Na kwa kuwa neno moja lilionekana dogo, nikaongeza: "Hata yeye aliniambia hana uhakika na upande ule."

Alinipa mimi wembe. Niliilaza picha juu ya kioo, nikaweka rula, na mkono wangu ukateleza mara ya kwanza, wembe ukapita kwenye paji la uso wa mzee na kuacha mstari mwembamba mweupe juu ya nyusi. Nikaiweka rula upya nikakata. Haichukui muda. Watu wamekuwa wakiniuliza, wachache niliowasimulia nusu ya habari hii, kwa nini Mado hakupiga kelele, na jibu ni kwamba kelele zinahitaji uwe umeshaamini kinachotokea. Alikuwa bado ananiangalia akingoja niseme wakati kipande kinaingia kwenye kopo. Halafu akaenda kwa Mwalimu akamjazia kikombe mpaka ukingoni, na hakumwaga hata tone.

Kwenye ngazi alinishika mkono. "Ulisahau, eh?" Alinifungulia mlango wa udhuru mwenyewe, nami nikapita. Nikashika kichwa, nikasema Mungu wangu, Mado, nimesahau, nikaapa, nikataka kurudi juu kwa Mwalimu, hatua mbili, ili anizuie. Akanizuia. "Wacha, sha. Atakukasirikia bure. Nitamupiga tena." Ndiyo mara pekee nilipomwona akidanganya, kwa sababu sote wawili tulijua mzee ameshatoa ruhusa yake moja. Wiki mbili baadaye Mwalimu alituita akasema picha ni ya Mado, lakini aliyeiona ni mimi, Zaituni, na studio inamhitaji anayejua kukata. Mado alinikumbatia. Gasana alinunua soda.

Mzee alikufa mvua zilipoanza. Mado alikuja studio Jumanne asubuhi, Mwalimu akiwa ametoka, akasimama mlangoni na mwavuli unaochuruzika. Walihitaji picha ya kubeba mbele ya jeneza, pamoja na msalaba. "Kile kipande, Zayi. Hata kama ni nusu. Kuna mutu anaweza kuikuza." Kopo lilikuwa nyuma yangu, kwenye rafu, feni ya mezani imewekwa juu yake. Ningenyoosha tu mkono. Lakini Mado ni mtu wa kushukuru, angerudi kumshukuru Mwalimu, na Mwalimu angeuliza kwani mzee yule alikuwa nani, na ile sheria moja ambayo hakuifanyia mzaha ingenitoa pale nilipokuwa nimekaa. Nikamwambia tulisafisha, vikachomwa vyote. Nilitafuta na uso wa kuambatana na maneno hayo. "Si kitu," alisema, "mvua itaninyeshea, ngoja niende." Alipoondoka nilifungua kopo, nikakitoa kipande, nikakitia kwenye bahasha ya picha za pasipoti, ili siku akija tena niwe nimesema kweli kwamba hakimo. Msibani nilikwenda. Walitembea nyuma ya msalaba mtupu. Nilimwambia ihangane, pole ya Kinyarwanda, nikala wali, na nilipotoka nje nilijisikia njaa tena.

Mado hakugusa kamera baada ya hapo. Anafundisha hesabu shule moja Ndera, amejenga kulekule, ana binti mkubwa. Shuka zake zimetundikwa studio kwangu, ukuta unaotazamana na mlango, na wateja husimama kuzisifu. Vijana huniletea picha zao Jumamosi na mimi huwapa maoni ya kujenga, na wanasema nimekuwa mpole uzeeni. Mzee yule nimemwangalia zaidi ya nilivyomwangalia mtu yeyote. Najua kola yake imekosa kifungo. Najua meno mawili ya mbele yamepishana, na kwamba alikuwa anaanza kucheka, hakuwa amecheka bado. Sikumwona hata mara moja akiwa hai.

Baada ya mazishi ya Mwalimu tulikaa kwenye ukumbi, tumenawa mikono, chai imeletwa. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno kwa siku tatu. Yalianza na neno nilikuwa mdomo wako nikadanganya, Mado, na yaliendelea vizuri tu. Nikatoa bahasha, nikaiweka mbele yake, nikafungua mdomo, na nilichosikia nikisema ni, "Tumekikuta kwenye vitu vya Mwalimu." Marehemu hakuwa na la kujibu. Mado akakitoa kipande, akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Alikitazama mpaka watu wa meza yetu wakaanza mazungumzo mengine.

"Ni yeye?" aliniuliza. Hakuwa anasema, alikuwa anauliza. "Zayi, unajua nilishasahau uso. Nakumbuka sauti, nakumbuka koti. Uso hapana. Ni yeye, eh?"

"Ni yeye," nilisema mimi, niliyekuwa namjua.

Akapitisha kidole juu ya nyusi. "Na hii kovu. Ona. Hata kovu ya baba yangu nilisahau." Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza mbele yangu katika miaka yote hiyo, bila kujificha, akigusa ule mstari mweupe kwa ncha ya kidole. Nilijua cha kusema. Kilikuwa na maneno machache kuliko yote niliyowahi kuyasema kuhusu picha. Nikachukua chupa, nikammiminia chai.

Wiki iliyopita alinitumia picha kwenye simu. Ameupeleka ule uso kwa wakuzaji, wameutengeneza, umewekwa kwenye fremu kubwa sebuleni kwake, na chini yake amesimama yeye na binti yake wamevaa vizuri. Anasema vijana wa dukani walitaka kuufuta ule mstari kwenye paji wakidhani ni mchubuko wa karatasi, akawakatalia kabisa, akawaambia hilo ndilo papa mwenyewe. Mwisho ameandika: wewe fundi, toa maoni. Nimemjibu nzuri sana, kama watu wanavyojibu siku hizi, na maua matatu. Kisha nimekaa mezani, juu ya kile kioo kinene, nikaandika sura hii ya kumbukumbu zangu.

Ninachoona: mzee amekaa katikati ya ukuta, pale alipoomba asiwekwe. Kinachonisumbua nimeshakisema. Ningefanya nini? Ningewaacha wale vijana wafute. Mado, baba yako hakuwa na kovu.